Pango la Chini Kulia

Daktari Nel, mtoto wa muuza mbao,
ananitoa damu, mirija minne,
hata kabla hajaniuliza hali ya mbuzi.
"Upesi, Etelvina. Sijaitia dawa ya kuizuia;
nikichelewa itagandia mkononi."
Kana kwamba mimi sijui kuganda.
Miaka hamsini na mmoja natumbukiza kidole ndooni
nikingoja maziwa yashike.

Mashine inazunguka juu ya kabati.
Dakika kumi na mbili za kuvuma.
Naijua sauti hii:
Baba alikuwa na chombo cha kutenga malai,
cha chuma, nami ndiye niliyekabidhiwa mpini.
Kizito kivyake, chepesi kivyake,
na ukizembea kuzungusha, vinarudiana.

Jino limelala kwenye beseni,
mizizi miwili, jeusi ubavu mmoja,
kama mpangaji aliyefukuzwa na bado ana hoja.
Pango lake liko wazi.
Ulimi hauachi kwenda kuchungulia.

Nel anainua mrija dirishani.
Chini, wekundu mzito.
Juu, maji ya manjano, kama yale tunayowapa nguruwe.
Katikati, tazama,
tonge la ute, limeshikana.
"Humu zimo chembe sahani," asema,
"hazionekani kwa macho, na kwenye jeraha
ndizo hutangulia kufika.
Sikuahidi kitu. Sukari yako iko juu,
na mfupa wako mvivu.
Ila huenda zikawaita wenzao."

Analikandamiza chini ya kibao chenye matundu,
maji yachuruzike, ubaki utando.
Nacheka kwa mdomo wa ganzi, mate yananidondoka:
Kijana, hiyo ni jibini!

Hasikii, au anajifanya.
Anaukunja, anaushindilia shimoni,
nyuzi mbili nyeusi, basi.

Binti yangu anapiga simu kutoka Gijón.
Wamekutia nini, Mama?
Damu yangu.
Na umelipa?
Nimelipa.

Juu kule Sotres nina jibini arobaini gizani.
Pango halina ufundi mwingine:
unaweka, unafunga mlango,
unaizuia mikono yako isirudi kubonyeza.
Hilo la mwisho ndilo lililomshinda marehemu mume wangu.

Siku ya tisa, usiku, ulimi umetoroka,
mwizi mzoefu,
umekwenda moja kwa moja chini kulia.

Umekuta mlango.
Laini bado. Una ladha ya chuma.
Umeusukuma kidogo,
haukufunguka.