Imewaka? Bado

Nyumba ya marehemu Nampunju, hapa Newala mjini,
aliyeitia nyaya hakuacha mchoro.
Nilianza upya, uzi kwa uzi,
mimi darini, tochi mdomoni,
Somoe chini, chumba hadi chumba.
Imewaka?
Bado.
Imewaka?
Bado, baba. Ngoja, imezimika ya jikoni!
Nikaandika kwa chaki juu ya boriti: jikoni.
Swichi yake iko msalani. Usiniulize kwa nini.

Kule Ndanda daktari alinichorea, nyuma ya kadi ya kliniki,
mstari uliojikunja kama waya uliotupwa.
Herufi bilioni tatu, alisema, katika kila chembe.
Zinazounda kitu, ukipima kwa gunia la korosho la kilo mia,
kilo mbili hazifiki.
Zilizobaki tuliziita takataka.
Alisema hivyo akikwaruza meza kwa kucha,
kama mtu aliyeuza shamba kisha akasikia lina gesi.
Humo kwenye takataka, Bwana Mchopa,
ndimo zilimo swichi.

Wanangu wawili, selimundu wote wawili.
Kosa lile lile, herufi moja,
nusu kwangu, nusu kwa mama yao.
Somoe anabeba ngazi.
Twalibu, Julai, ukungu ukipanda kutoka Ruvuma,
analia magoti, analia mgongo,
namkanda kwa kitambaa cha maji moto
hadi vidole vyangu vinasinyaa.

Tumboni tuna damu nyingine. Tukishazaliwa, kitu huizima.
Ya Somoe haikuzimika sawasawa.

Nazijua taa za namna hiyo:
swichi imekaa kwenye nyutro,
unazima, inabaki inamulika kidogo, jicho la paka.
Wenye nyumba hunipigia usiku kulalamika,
nami huenda, narekebisha, natoza elfu kumi.
Ubovu huo huo, kwa mwanangu,
ndio unaobeba ngazi.

Wako watu, alisema daktari, katika maabara za mbali,
wanabana kipande, wanaachia, wanasikiliza
nini kimezimika, na wapi.
Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Jana umeme ulikatika saa mbili.
Twalibu, miguu ndani ya kanga ya mama yake:
Baba, na swichi yangu iko chumba gani?

Sijaifikia, nikamwambia.
Bado niko darini.