Nati ya Kumi

Ilidondoka saa nne asubuhi, mwezi wa saba,
ubwiri unga umeshapanda kwenye maua ya korosho
na wateja watatu wamekalia matairi yangu mabovu
wakisubiri mashine zao za kupulizia salfa.
Ting, ikasema kwenye mdomo wa tundu la plagi.
Kisha ting ya pili, ndogo, ya ndani zaidi.
Kila fundi wa Tandahimba anaijua hiyo ya pili.

Sumaku niliyokuwa nayo
niliitoa kwenye spika ya redio ya marehemu baba,
ile iliyokuwa ikimsomea bei za mnada
naye akiijibu, "Mwongo!", kama vile inamsikia.
Niliivunja kwa nyundo,
kipande nikakifunga kwa uzi kwenye spoku ya baiskeli.
Miaka sita imenitumikia.
Siku hiyo uzi ukalegea:
nimetuma mjumbe, naye hakurudi.
Sasa wamo wawili mle ndani, wamekumbatiana,
na mzee Hokororo anacheka
mpaka anakohoa vumbi la njano.

Nikaenda dukani kwa Mkwepu.
Akazipanga tatu juu ya kaunta.

Ya kwanza inavutika kama antena,
imeandikwa ubavuni: kilo tatu.
Nani kadondosha kilo tatu kwenye tundu la plagi?
Nikatoa plagi kuukuu mfukoni, nikaipima na kichwa chake.
Kichwa kinene. Rudisha.

Ya pili ina shingo ya springi, inapinda unavyotaka,
na taa mdomoni.
Kusema kweli niliipenda.
Nikaishusha ndani ya kipande cha bomba la chuma
kilichokuwa kinazuia mlango usijifunge.
Ikagandia ukuta wa kulia. Nikaibandua. Wa kushoto.
Inateremka kama mlevi arudiye kwake,
kila nyumba anaikumbatia akidhani ndiyo.
"Hiyo ndiyo nguvu, dada," Mkwepu akasema.
Nguvu ninaiona. Chini itafika lini?

Ya tatu nyembamba, haina taa, haina maandishi.
Ubavu wamemvika ala ya plastiki,
ncha tu ndiyo wameiacha uchi.
Ikapita kwenye bomba bila kusalimia mtu.
Nikatoa nati ya kumi, ndugu wa ile iliyopotea.
Mkwepu akanuna: "Umekuja na mtihani?"
Nikainasa, nikaitikisa,
nikagonga kaunta mara mbili.
Nati imekaa.
Elfu nane. Nikampa sita
na ahadi ya kumsafishia kabureta ya pikipiki.

Ya baba ndiyo iliyotoka kwanza,
imeota ndevu za unga wa chuma,
na nati imeing'ang'ania nyuma
kama mtoto mgongoni.
Hokororo akapiga makofi, akavuta kamba,
mashine ikanguruma, akaondoka nayo begani
bila kulipa.

Kipande kile nimekibandika kwenye bati la mlango.
Kimeshika karatasi ya madeni.
Jina la juu mnalijua.

Na juzi, nikiwa bado na majivuno,
imeniponyoka washa ya shaba.
Nikaishusha ya elfu sita, ikapita juu yake.
Nikarudia. Ikapita.
Nikainama, nikamulika kwa simu:
washa imelala pale inang'aa,
haina habari nayo kabisa.
Shaba haiitwi na sumaku. Nilikuwa ninalijua hilo
toka siku ya kwanza ya ufundi, nikalisahau dukani.
Nikachonga kijiti cha mhogo,
nikakipaka grisi nchani, nikashusha taratibu,
nikibana pumzi,
nikasubiri washa ikubali.