Kengele Kwenye Mshipi

Tulitoka Twin Falls giza bado bichi,
saa ambayo siku nyingine Mulamba ameshafika zizini
kukamua ng'ombe elfu tatu wasio na majina.
Leo alishika usukani, suruali imepigwa pasi,
lakini vidole vikifumba na kufumbua
kama vinatafuta chuchu.

Stanley, kwenye duka la petroli, tukalipia leseni.
Watoto bure. Minyoo dola nne,
kopo limewekwa kwenye friji, ubavuni mwa maziwa.
Bibi Wabiwa akaliinua, akaligeuza,
akalirudisha kwa heshima:
"Nchi hii hata mnyoo ana chumba chake."

Milima ile wenyewe wanaiita Meno ya Msumeno.
Sifa akahesabu meno hadi kumi na tisa,
akakosea, akaanza upya, akaacha.
Theluji ya mwaka jana ilikuwa bado imenasa kwenye ufizi,
Julai yote hii.

Ziwa limetulia, baridi yake inauma kisigino.
Mulamba akatia chambo, akarusha;
chubwi likaangukia mbali, tubwi.
Akafunga kengele nchani mwa ufito,
akajilaza chini ya msonobari, "dakika mbili tu."

Miezi saba sijamwona amelala mchana.
Mdomo wazi. Kiatu kimoja kimevuka.
Mbu akamjia shavuni, nikampunga kwa kitenge.
Tukala maandazi kwa kunong'ona,
tukamimina chai kupitia ukingo wa kikombe
isije ikapiga kelele.

Ndipo kengele ikalia.

Asukulu akaruka, akakumbuka akiwa hewani,
akatua kama paka.
Nikaifumbata kengele kiganjani,
ikawa inanitetemekea humo kama panzi.
Vuta, nikasema kwa midomo mitupu.
Polepole, akasema Bibi kwa nyusi.

Akaja akijipinda, trauti, ana madoadoa,
mstari wa waridi toka shavuni hadi mkiani.
Sifa akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili,
kicheko kikamtokea puani.
Samaki akapiga mkia kwenye kokoto, pa, pa, pa,
sote wanne tukageuka kumtazama mwenye mshipi.

Akakoroma. Akabadili ubavu.

Nani angemwua samaki bila kishindo?
Asukulu akamchomoa ndoana, Sifa akamshika ndani ya maji
mpaka akakumbuka kuogelea.

Jua lilipojificha nyuma ya jino moja refu, akaamka,
nyasi zimemchora shavu.
"Wameuma?"
"Hata mmoja," akasema mama yake,
yeye ambaye hutoa ushuhuda kanisani kila Jumapili.
Mulamba akaitazama ndoana tupu.
"Ziwa lenyewe halina kitu," akasema,
akajinyoosha hadi mifupa ikaitika.
"Lakini siku nzuri."

Kurudi niliendesha mimi.
Kwenye mteremko wa Galena
Sifa akanyoosha mikono toka kiti cha nyuma,
akamfumba baba yake macho:
"Nani mimi?"

Akainusa mikono ile
muda mrefu kuliko mchezo unavyodai.
"Sifa," akasema.

Akageukia dirisha. Kwenye kioo
nikamwona anatafuna tabasamu,
hakuuliza kitu.
Nikapunguza mwendo.
Twin Falls haikimbii.