Mbuzi wa Orofa ya Nne

Alfajiri ya Krismasi natoka Viwandani
na unga masikioni,
mfukoni zabibu kavu, gramu mia mbili,
alizonifungia msimamizi badala ya bonasi.
Umoja imelala. Napanda kwa kupapasa:
taa ya ngazi ilikufa Oktoba
na matanga yake hayajaisha.

Wiki nzima Ndinda ameniuliza,
"Baba, mbuzi wetu anakuja lini?"
Wiki nzima nimemjibu, "Yuko njiani,"
nikijua ulio njiani ni mshahara,
nao unachechemea.

Basi nikakata kiazi katikati,
nikakitia ufa kwa kisu, kikawa ukwato.
Nikakichovya majini, kisha kwenye unga,
nikamtembeza mbuzi wangu polepole:
akaingia mlangoni bila hodi,
akazunguka meza mara mbili
kama mgeni anayechagua kiti,
akapanda kochi (samahani, Mama Ndinda),
akasimama mbele ya runinga,
labda akingoja taarifa ya habari.
Nikatafuna, kwa meno yangu haya,
kona ya daftari la Hisabati.
Na kila baada ya hatua tatu
nikadondosha zabibu tano, sita,
kwa ustaarabu wa mbuzi.

Mwendwa ndiye aliyeamka kwanza.
Ana miaka mitano, bado husalimia viatu vyake.
Nikiwa chini ya blanketi nilisikia kimya,
kisha nikasikia kimya kikinenepa,
kisha:
"Ndinda! Amefika!"

Wakafuata nyayo kwa magoti, wakinong'ona.
"Amekula hesabu za kugawanya,"
akasema Ndinda, kwa sauti ya mtu
aliyejibiwa maombi.
"Na amekunya kila mahali," akasema Mwendwa, kwa heshima.

Nikatoka nikijinyoosha, nikapiga mwayo,
nikainama, nikaokota punje moja,
nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha,
nikaitia mdomoni.
"Mmh. Huyu amelishwa vizuri."

Mayowe! Mlio wake nadhani ulifika Kayole.
Na katikati ya mayowe, nyuma ya mlango wa bafu,
sauti ambayo Mama Ndinda aliiacha Mwingi
pamoja na mifugo ya babake:
"Meeee."

Wakanyamaza. Wakashikana mikono.
Mlango ukafunguka kidogo kidogo.
Ndani ya karai, kuku mmoja,
amenyonyolewa tayari,
na shingoni kafungwa kamba ya mbuzi.

"Amepungua," nikawaambia. "Safari ilikuwa ndefu."

Hapo ndipo keateka alipobisha.
Bwana Opondo, karatasi ya mkataba mkononi:
watu wa orofa ya tatu wamelalamika,
na kifungu cha tisa kinasema hakuna mifugo.
Akaona nyayo. Akaona kochi.
Akafungua kinywa, akasahau alichokuja kukisema.
Ndinda, mashavu yamejaa, akamnyooshea kiganja:
"Karibu, Bwana Opondo. Bado ya moto."

Kuku alitutosha. Tulimwita mbuzi hadi mfupa wa mwisho.

Usiku nilirudi kazini;
Krismasi au si Krismasi, mji hula mkate.
Nikavaa koti langu jeupe, nikakanda mpaka saa sita,
nikishangaa mbona kila nikigeuka
watu wanaegemea mashine kwa kicheko.
Mwishowe Barasa akanihurumia:
"Ndugu yangu, hebu vua."

Mgongoni, kutoka kiunoni kupanda juu,
kwato. Za rangi nyeusi ya viatu,
zimepinda, zimekanyagana,
mbuzi mlevi kwenye mlima wa pamba.
Na kileleni, chini ya kola,
kwa herufi za Mwendwa, moja imegeuka kinyume:

YUKO NJIANI