Sakitu, Matamba

Sakitu imeshuka usiku. Majani ya viazi
yamesinyaa, meusi, kama yamepitiwa na moto.
Mwalimu Atuganile kavaa makoti mawili,
kabeba beseni lililoganda, waya mbili, betri ya redio,
na ile mita ya shule yenye kioo kilichopasuka.

Jana mchana, maji haya haya, yenye ndimu,
sindano iliruka.
"Protoni haisafiri kama mgeni na begi lake," alisema.
"Huyu anapokea hii, anaachia ile aliyokuwa nayo,
jirani hivyo hivyo, hadi ng'ambo.
Inayofika siyo iliyotoka."
Nikakumbuka matofali ya zahanati:
mikono arobaini, hakuna aliyetembea.
Na penye joto mikono haitulii.

Leo sindano imelala.
Tulidhani humo ndani wamekufa.
"Hawajafa. Wameshikana mno.
Kila mmoja kapangiwa pa kutazama.
Tofali moja likishapita,
la pili halipiti mpaka watu wageuke,
na kwa baridi hii
nani ageuke?"

Kimya. Mvuke wa pumzi zetu.
Luvanda akapiga chafya.

"Mwenye kasoro," akajijibu.
"Aliyekaa vibaya kwenye mstari.
Barafu nzima inamtegemea huyo."

Mimi, wa dawati la nyuma, niliyezoea
kukaa upande upande,
nikainua kichwa.

Saa tatu jua likaivuka Kitulo,
beseni likalia, ta!
Sindano ikasogea, kidogo.
Au labda ni mkono wake
uliokuwa unatetemeka.