Ngoja Nifungue

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu
kuna ngazi mia moja arobaini na mbili.
Nyingine si ngazi, ni jiwe tu
na mfuko wa mchanga uliopasuka.
Watu wa Nyamugo huzipanda wakiongea na simu.
Mimi nazijua moja moja, kama meno yangu:
ya sitini na tatu inacheza,
ya themanini ina mama wa sambaza
anayesogeza beseni kabla sijamwomba,
na habari hiyo hatuiongei.

Papa Mushagalusha, siku ya kukodi, aliuliza,
"Na nani atakaa nawe?"
Nikasema, mimi.
"Nasema, nani atakuangalia?"
Nikatoa dola za dhamana, miezi mitatu,
nikaziweka mezani moja moja, polepole,
hata akaacha kuniangalia miguu
akaangalia mikono.

Maji nayabeba mgongoni.
Bidoni ya lita tano, kitenge, fundo kifuani,
kama mtoto, ila huyu halii,
huchekacheka tu ndani nikiyumba.
Safari nne, ndoo imejaa.
Ciza wa jirani huleta ishirini kwa mkupuo,
na siku nyingine namwachia;
sikumwapia mtu kwamba sitachoka.
Lakini huniuliza kwanza. Nilimfundisha:
uliza, kisha ungoje jibu.

Kufagia, nafagia nimekaa.
Makala nayawasha nimekaa.
Wewe uliyesimama hulioni vumbi
ninaloliona mimi chini ya kitanda chako.

Magongo yangu yanamaliza viatu kunishinda.
Fundi Cishugi huyakatia soli za tairi kila mwezi.
"Hili la kushoto linatembea usiku," anasema,
tunacheka, ananipunguzia mia mbili.

Ikinyesha, mlima wote unataka kushuka ziwani
na ngazi zinakuwa sabuni.
Siku hizo nashuka kwa makalio,
gunia chini, magongo begani,
karatasi za watu ndani ya nailoni, ndani ya blauzi.
Kibanda cha fotokopi Nyawera hufunguliwa saa mbili,
na mwenye haraka ya pasipoti
haulizi tope lilikuwa la aina gani.

Kuna bwana mmoja, mwenye koti.
Nilikuwa nimepumzika ngazi ya mia
akaniangushia noti ya franka mia tano mapajani
bila kupunguza mwendo.
"Mungu akusaidie."
Nikamwita, Papa! Akageuka.
"Nakala ngapi?"
Hakuelewa. Nikamweleza:
Nyawera, kibanda cha buluu, mashine ya pili,
kwa mia tano natoa nakala tano,
leta karatasi yako.
Hakuja.
Noti ipo bado katikati ya daftari la hesabu,
pembeni nimeandika kwa kalamu: deni.

Mama alinibeba mgongoni hadi miaka tisa.
Shule, kanisani, kwa daktari, kwa mganga,
akisema mimi ni mwepesi,
jasho lake likimkanusha.
Jumapili iliyopita alizipanda zote,
akafika anahema, akagonga.
Hodi.
Karibu, nikasema. Ngoja nifungue.

Gongo moja lilikuwa chini ya kitanda.
La pili limeegemea ndoo.
Ufunguo shingoni, umenaswa na rozari.
"Nisukume?"
Ngoja, mama.
Nikamsikia anaweka kikapu chini.
Nikamsikia anamsalimia mtu wa mlango wa pili,
anamwambia, "Ni kwa binti yangu hapa,
anakuja kufungua."

Kitasa hicho kinakwama.
Lazima ukiinue kidogo, ndipo uzungushe.
Hilo nalijua mimi.