Nukta ya 412

Mashine ilisema: msitu.
Uhakika asilimia tisini na moja.
Picha ya setilaiti, mwezi Machi, kijani kizito,
kusini mwa Newala, pale uwanda
unapoanza kuporomoka kwenda Ruvuma.

Nikapanda pikipiki ya Chilumba, mafuta elfu nane,
simu ikituvuta kama mbwa aliyenusa kitu.
Tulipofika ikatetemeka: hapa.

Haukuwa msitu.
Ilikuwa mikorosho, mistari kumi na miwili.
Ukiinama, mistari unaiona;
ukisimama, imepotea.
Upupu umepanda hadi shingoni mwa matawi,
mabibo yameoza chini,
nyani wamekula na kusaza.

"Hili la nani?"
Mwanamke aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya njia,
Somoe Nangwalu, hakuacha mchi.
"La Mkwemba. Alikufa mwaka ule wa salfa ya mkopo.
Wanawe wako Mbagala. Wanasema watakuja kupalilia."
"Tangu lini?"
"Wanasema."

Fomu ina visanduku sita tu:
msitu, kichaka, shamba, makazi, maji, ardhi tupu.
(Uwanja wa Somoe, alioufagia alfajiri
hadi mchanga ukabaki na michirizi ya chelewa,
mashine imeuita ardhi tupu.
Sikumwambia.)
Hakuna kisanduku cha shamba linalongoja watu.
Nikaandika: shamba.
Kwa heshima ya ile mistari.

Usiku nikailisha mashine jibu langu.
Ikameza, kama mwanafunzi mtiifu
asiyeuliza kwa nini, ila hasahau.
Kule ukingoni mifano ni michache;
mmoja hupiga kelele za kumi.
Asubuhi ramani ilikuwa imegeuka rangi:
vichaka ambavyo hata shoka halijawahi kuvigusa
vyote njano, njano ya shamba.
Kila mwiba umepata mwenyewe.
Kila gugu lina mtoto Mbagala
anayesema atakuja.

Mkuu wangu akapiga simu:
"Futa hiyo nukta, inatuharibia."
Kweli, inaharibu. Sikubisha.
Lakini kidole kilikaa juu ya kitufe
hadi chai ikapoa.

Nikachukua daftari kwanza, na kalamu:
412. Mikorosho ya Mkwemba.
Mistari kumi na miwili, nimeihesabu mwenyewe,
nimeinama.

Kisha nikafuta.